Mimi Nilileta Umeme Tu

Oda iliingia saa nne usiku. Maneno 1500, historia ya studio moja ndogo ya gemu ya Uingereza, dedilaini saa mbili asubuhi. Mwanafunzi mwenye kazi yuko huko Uingereza. Mimi niko Kahawa Wendani na bando ya siku moja, na tokeni za stima zinaelekea kuisha. Jina langu halitaonekana popote. Hata akaunti si yangu. Nimeikodi kutoka kwa jamaa anayekata chake kwanza kabla pesa hazijafika kwa M-Pesa yangu.

Hii ndiyo kazi nimekuwa nikifanya tangu niache kampasi nikiwa mwaka wa tatu. Nyumbani wanajua naandika online, na huo si uongo. Lakini wacha niseme wazi hapa: naandikia wanafunzi wa ng'ambo kazi zao za darasani. Wao wanapata alama, mimi napata kodi ya nyumba. Mtu aliyekosa digrii anasaidia wengine kupata zao. Kejeli yake naiona, usijali.

Nilichagua Introversion Software kwa sababu habari zake ni rahisi kupata. Nilidhani nitaandika, nitume, nilale. Imepita miezi na bado inanisumbua, kwa sababu ndani ya historia yake kuna swali ambalo nimelikwepa muda mrefu. Sisi wa kazi za online tunapenda kusema hatuna bosi, tuko huru. Huru kivipi?

Introversion ilianza mwaka wa 2001, ikaanzishwa na marafiki watatu waliosoma Imperial College, London: Chris Delay, Mark Morris na Thomas Arundel. Hawakuwa na ofisi wala mwekezaji. Walijiita wa mwisho katika kizazi cha watengeneza programu wa chumbani, wale vijana wa Uingereza wa miaka ya 80 waliotengeneza gemu nyumbani kwa wazazi wao. Gemu yao ya kwanza, Uplink, ilitoka mwaka huo huo.

Katika Uplink wewe ni haka wa kukodiwa. Hujulikani kwa jina lako halisi. Unafungua orodha ya kazi, unachagua moja, unaifanya, pesa zinaingia, unanunua mashine kali zaidi, unachukua kazi kubwa zaidi. Wateja huwaoni. Kazi nyingine ni kuiba faili, nyingine ni kufuta data ya kampuni. Na kuna kazi ambayo niliposoma habari zake niliacha kutaipu kidogo: mteja anataka uingie kwenye hifadhi ya rekodi za masomo, ubadilishe za mtu fulani zionekane vizuri zaidi.

Saa saba usiku, mimi na huyo haka tulikuwa tunafanya kazi moja.

Gemu hiyo inakupa alama mbili. Ya kwanza inaonyesha umepanda ngazi gani katika kazi. Ya pili, inayoitwa Neuromancer, inategemea aina ya kazi unazokubali. Ukiiba siri za kampuni kubwa, inaweza kupanda. Ukimsingizia mtu kosa au kumharibia maisha, inashuka. Unaweza basi kuwa fundi wa hali ya juu na wakati huo huo mtu wa hovyo, na gemu inakuandikia yote mawili. Halafu kuna jambo la mwisho. Ukishikwa, kampuni iliyokuwa ikikupa kazi inakukana. Inasema haikujui. Uhuru wako wote ulikuwa hivyo tangu mwanzo: hakuna aliyekuwa juu yako, na hakuna aliyekuwa nyuma yako.

Sisemi kwamba Delay na wenzake walitabiri maisha yangu. Wao walitaka gemu ya kihaka kama za sinema, basi. Lakini picha waliyochora ni ya mtu anayedhani kutokuwa na bosi ndiko kuwa huru.

Wao wenyewe waliamini hivyo kwa muda. Gemu yao ya pili, Darwinia, ilitoka 2005. Mwaka uliofuata ilishinda tuzo kuu ya Independent Games Festival kule Marekani. Walipopanda jukwaani walisema, kwa lugha ambayo siwezi kuirudia mbele ya mama yangu, kwamba hawakuchukua pesa za wachapishaji kwa sababu hawakutaka mchapishaji awaharibie gemu yao. Watu walishangilia. Mpaka leo hotuba hiyo inatajwa kama kiapo cha watengeneza gemu wadogo.

Ukisoma kilichokuwa nyuma ya kiapo, ni kingine. Darwinia ilipoanza kuuzwa madukani pesa hazikutosha, wakafika mahali pa kuishi kwa msaada wa serikali. Kilichowaokoa ni kuiweka kwenye Steam, duka la kampuni ya Valve, mwishoni mwa 2005. Kwa hivyo siku ile ya kujigamba jukwaani, wanaume hawa wasiotegemea mtu walikuwa wametoka kutegemea mlipa ushuru wa Uingereza na duka la Mmarekani.

Siwacheki. Mimi mwenyewe ni huru kwa hisani ya Fuliza.

Mwaka wa 2006 walitoa DEFCON, gemu ya vita vya nyuklia ambayo unahesabu mamilioni ya wafu kwenye ramani tulivu ya bluu. Kisha wakatumia miaka kuipeleka Darwinia kwenye Xbox. Ilitoka mwanzoni mwa 2010, haikuuzika walivyotarajia, na kampuni ikakaribia kufa. Waliwaaga wafanyakazi. Wakati huo Delay alikuwa na mradi mwingine wa miaka mingi, Subversion, gemu ya kuvunja majengo yenye ulinzi na kuiba. Alikuwa ametengeneza majengo, milango, kamera, walinzi. Kila kitu kilikuwepo isipokuwa gemu. Hakukuwa na raha ndani yake. Mwaka wa 2011 wakasema hadharani kwamba wameiacha.

Hapa ndipo nilipoanza kuwaheshimu, kuliko pale jukwaani. Mwaka wa 2006 walimkataa mchapishaji, mtu wa nje, na kumkataa mtu wa nje kunaleta makofi. Mwaka wa 2011 walikataa kazi ya mikono yao wenyewe, wakati hawana pesa, na kila mtu akiwatazama. Mtu anayeweza kusema hii yangu si nzuri, naiweka chini, ana kitu ambacho kukosa bosi peke yake hakuwezi kumpa.

Delay alikuwa ameenda likizo San Francisco na kutembelea Alcatraz, ile jela ya kisiwani. Kutoka kwa vifaa vya Subversion na safari hiyo ikazaliwa Prison Architect, gemu ya kujenga na kuendesha jela. Septemba 2012 wakaanza kuiuza ikiwa haijaisha, wachezaji wakilipia mapema na kuiona ikikua mwezi baada ya mwezi. Ilikamilika Oktoba 2015, mwaka uliofuata ikapata tuzo ya BAFTA, na nakala zilizouzwa zikapita milioni.

Nataka nikae kidogo kwenye mwanzo wa gemu hiyo, kwa sababu ndipo iliponishika.

Somo la kwanza la Prison Architect linakufundisha kujenga. Unajenga ukuta, unaweka mlango, unavuta waya wa umeme. Mambo ya kawaida ya gemu ya ujenzi. Ila jengo unalofundishiwa ni chumba cha kunyongea, na waya unaovuta unaenda kwenye kiti cha umeme. Kuna mfungwa anaitwa Edward. Alimuua mkewe na mpenzi wa mkewe. Unaonyeshwa alivyofanya, unamwona akiwa na padri kabla ya mwisho, na katikati ya hayo yote gemu inakukumbusha kazi yako: hakikisha umeme unafika.

Hakuna anayekuuliza kama unakubaliana na adhabu ya kifo. Wewe ni fundi. Hakimu alishahukumu, mkuu wa jela alishapanga siku. Unavuta waya vizuri, chumba kinawaka, na unasikia ile raha ndogo ya kazi iliyokamilika. Halafu Edward anakaa kwenye kiti.

Nilipokuwa naanza kazi hii mtu aliniuliza kama dhamiri hainisumbui. Nilikuwa na majibu tayari. Mwanafunzi ni mtu mzima, ameamua mwenyewe. Chuo ndicho kinatoza karo kubwa bila kujua nani anaandika nini. Jamaa wa akaunti ndiye anaongea na wateja. Nisipoandika mimi, ataandika mwingine wa Roysambu, tena kwa bei ya chini. Kila jibu lilikuwa kweli. Na yote yalikuwa yanasema kitu kimoja: mimi nilileta umeme tu.

Uingereza ilipitisha sheria mwaka wa 2022 inayofanya kuuzia wanafunzi wa England huduma hii kuwa kosa. Lakini sheria si hoja yangu. Kuna sheria nyingi mbaya, na mtu wa Wendani hawezi kuamka kila siku akiuliza bunge la London linataka nini. Hoja yangu ni kwamba sijawahi kuisoma tena hata moja kati ya kazi nilizotuma. Sijui ni ipi ilipata A na ipi ilianguka. Kuna mtu mahali fulani labda ameajiriwa kwa sababu ya aya zangu, na siku moja ataulizwa swali ambalo jibu lake nalijua mimi. Kazi isiyo na jina lako haiwezi kukuaibisha. Nilidhani hiyo ni faida. Sasa naona ndiyo hasara yenyewe, kwa maana isiyoweza kukuaibisha haiwezi pia kukufundisha.

Utaniambia: lakini hao Introversion si nao waliuza? Ndiyo. Januari 2019 waliiuza Prison Architect kwa Paradox, mchapishaji mkubwa wa Sweden. Watu wa kiapo cha 2006 wakamwachia mchapishaji gemu yao kubwa kuliko zote. Paradox ilitangaza gemu ya pili, ikabadilisha studio ya kuitengeneza, na mwaka wa 2024 ikaiahirisha bila kutaja tarehe. Anayetaka kuwaita wasaliti ana hoja za kutosha.

Mimi sioni usaliti. Fundi anayejenga meza, akaimaliza, akaiuza, hajauza mikono yake. Waliiuza baada ya kuifanyia kazi miaka mingi, jina lao likiwa juu yake, wakaendelea na vitu vingine vidogo. Mwaka wa 2023 walianza kuuza gemu mpya ya vyombo vya anga, The Last Starship, tena ikiwa haijaisha, kama wadeni wa zamani wanaorudi kwa duka lile lile. Waliwahi kutegemea serikali, Valve, Microsoft, wachezaji. Hakuna siku hawakumtegemea mtu. Lakini gemu ilipoanguka, tulijua nani ameanguka.

Kwa hivyo jibu langu kwa lile swali ni hili. Kila mtu ana bosi, hata kama ni landilodi. Uhuru naupima kwa mambo mawili: kazi gani unaweza kuikataa, na nani ataulizwa ikienda vibaya. Nikijipima hivyo, mimi si huru hata robo. Sijawahi kukataa oda. Na sijawahi kuulizwa kitu.

Najua pia kuna uongo rahisi ambao insha kama hii hupenda kumalizia nao, kwamba mwandishi aliona mwanga akaacha kila kitu. Delay na wenzake walikuwa na serikali ya kuwashika walipokosa. Mimi nikikosa, kuna mlango unafungwa kwa kufuli jipya. Kumwambia mtu akatae kazi bila kuuliza atakula nini ni kumhubiria, na nimehubiriwa vya kutosha.

Wiki jana nilimwambia jamaa wa akaunti kwamba nitamaliza oda mbili nilizo nazo, kisha nirudishe paswedi. Aliuliza kama nimepata kazi. Nikamwambia bado. Alicheka, akasema nitarudi kabla ya tarehe tano, ataniwekea nafasi.

Inawezekana ana haki. Zile oda mbili nimemaliza moja.