Je, Yajuzu Kukata Tumbo Lisilo na Ugonjwa?

Ndugu msomaji, watu wa Pwani wamezoea kusikia ya kwamba mgonjwa hupasuliwa ili kutoa kilichooza au kuunga kilichovunjika. Siku hizi kuna habari nyingine: mtu mnene hulazwa, akaondolewa robo tatu au zaidi ya mfuko wake wa chakula, na hali mfuko huo ulikuwa mzima. Kadhalika katika Hospitali ya Taifa Muhimbili, kule Mloganzila, wako waliowekewa puto tumboni ili washibe upesi, nalo hutolewa baada ya muda. Habari hizo hazikosi kufika hata Kilwa Masoko, na huko nako watu huuliza: je, huku si kuharibu amana ya Mwenyezi Mungu?

Kwanza yafaa tujue tiba hii iliwekewa mpaka gani. Wataalamu hugawanya uzito wa mtu kwa kilo juu ya urefu wake kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani walisema apasuliwe mwenye kufikia 40, au 35 ikiwa ana maradhi makubwa yatokanayo na unene. Mwaka 2022 vyama viwili vikubwa vya madaktari wa upasuaji huo viliushusha mpaka: 35 hata bila maradhi, na wenye 30 hadi 35 wafikiriwe ikiwa wana ugonjwa kama kisukari. Basi ubishi wote uko kwa hawa wa mwisho, ambao unene wao si mkubwa sana.

Wako wasemao, "Mlafi na afunge mdomo." Neno hilo ni rahisi kwa asemaye. Ni kweli dini imetufundisha kula bila kupita kiasi, na Mtume s.a.w. alifundisha kuacha nafasi tumboni kwa maji na kwa pumzi. (Nasi katika Ramadhani hufunga mchana, kisha tukalipiza usiku kwa wali wa nazi na maandazi!) Lakini mwili wa aliyekwisha nenepa hupigania uzito wake: akipungua, njaa huzidi, na mwili hubana matumizi yake. Kwa hiyo wengi hupungua kwa jasho jingi, kisha hurudi walikotoka. Kumwita mtu huyo mwasi si haki. Wala jambo lenyewe si geni kwetu; Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alikuwa amekwisha shangaa njiani kwa wingi wa chakula na unene wa watu wa Mogadishu. Na hata leo mtu akikonda majirani hunong'ona kwamba ameugua, na akinenepa husifiwa kuwa maisha yamemkubali.

Sasa tuchukue mfano wa wanawake wawili wa Kilwa Masoko, kila mmoja ana kilo 82 na urefu wa sentimita 160. Kipimo chao ni 32. Wa kwanza ana kisukari ambacho dawa zimeshindwa kukituliza. Wa pili hana maradhi yoyote, ila shoga zake wamemcheka katika harusi. Mizani ni moja, lakini mambo yao ni mbalimbali kabisa. Kwa yule wa kwanza imethibitika kwamba upasuaji huweza kukishusha kisukari, pengine hata dawa zikaachwa. Na kisukari kisichotulizwa hupofusha macho, huua mafigo na husababisha miguu kukatwa. Akitoa sehemu ya tumbo ili kuokoa macho, ameihifadhi amana. Naona yajuzu kwake, na asiyekubali anieleze kwa nini twaruhusu mguu kukatwa na tumbo tukalikataza.

Kwa wa pili sioni ruhusa hiyo. Upasuaji una hatari zake, ingawa kifo ni nadra. Kilichokatwa hakirudi. Atahitaji vitamini na kupimwa damu maisha yake yote. Akikosa vitamini B12 kwa muda mrefu, mishipa ya fahamu huharibika. Madaktari humshauri pia asichukue mimba kwa mwaka mmoja au mmoja na nusu. Na baadhi ya waliopasuliwa hunenepa tena. Kuyabeba yote hayo kwa sababu ya kicheko cha arusini ni kuwafanya shoga kuwa waganga. Lakini tusimwache mikono mitupu: apimwe sukari na shinikizo la damu kila mara, kwani akipatwa na ugonjwa kesho, hukumu yake nayo hubadilika.

Liko jambo moja ambalo hutajwa kwa nadra. Kutoka Kilwa Masoko hadi Dar es Salaam ni safari ya kilomita kama 300, na matunzo hayaishi siku ya kutoka hospitali. Basi ndugu aliyeko Muscat akijitolea kumlipia yule mwenye kisukari gharama ya upasuaji, aulizwe mapema kama yuko tayari kulipa pia nauli na dawa za mwaka wa tano, na wa kumi.