Tarakimu Nne za Mama

Vidole vya mama yangu havisomeki. Alichuma kahawa kwa miaka mingi katika mashamba ya Ruiru, na alama za kidole gumba zikafutika kidogo kidogo. Mwaka jana nilimpeleka ofisi fulani kutoa akiba yake. Mashine ikamkataa mara tano. Kijana wa dirishani akampa kitambaa: "Panguza, mama, ujaribu tena." Akapanguza. Wapi! Ana kitambulisho mkononi, ana mtoto wake ubavuni, na bado yeye si yeye.

Kwa hivyo niliposoma kuhusu kutambulishwa kwa mawimbi ya ubongo, kwanza nilifurahi. Unavaa kifaa kama hedifoni chenye elektrodi, unawaza wimbo fulani, na kompyuta inalinganisha mawimbi yako na yale uliyosajili. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walilijaribu jambo hili kwa kifaa cha bei nafuu. Alama ya kidole ikiibwa huwezi kuota nyingine, lakini wimbo unabadilisha tu. Tena kazi ya shamba haifuti ubongo.

Shida ni kwamba ubongo hujibu hata usichoulizwa. Mwaka 2012, katika kongamano la usalama la USENIX, watafiti walieleza jinsi walivyowaonyesha watu waliovaa vifaa hivyo picha za kadi za benki, tarakimu na nyuso. Kwa kuangalia tu mawimbi yanavyoruka, waliweza kukisia benki ya mtu, mwezi aliozaliwa, hata tarakimu ya PIN, vizuri kuliko kubahatisha. Mtu mwenyewe hajafungua mdomo.

Utaniambia, nani atakubali kuvishwa kitu kama hicho? Basi wewe hukuwa KICC. Wakati wa foleni za Worldcoin mwaka 2023 nilitoka Ruiru alfajiri nikapange laini na wenzangu, tupigwe picha ya mboni kwa sarafu za kidijitali za kama shilingi 7,000. Tarehe 2 Agosti serikali ikasimamisha shughuli, zamu yangu haijafika. Ningekuwa mbele kidogo ningetoa macho yangu bila kusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa na deni la nyumba. Mei 2025 Mahakama Kuu iliamuru data hizo zifutwe, ikakataa ridhaa iliyopatikana kwa kuwavutia watu na pesa. Nakubaliana nayo, ingawa siku ile ningeikasirikia.

Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja damu, DNA, sauti, hata umbo la ndewe la sikio. Ubongo haukutajwa kwa jina.

Lakini kinachonikosesha usingizi si wizi. Mama alipolazwa Thika, aliniita karibu akaninong'oneza PIN yake ya M-Pesa nikatoe hela za dawa. Mashine ya ubongo ingesema mimi ni mwizi, na kwa hesabu zake ingekuwa sawa. Yeye mwenyewe huenda ingemkataa pia, maana dawa za usingizi hubadilisha mawimbi. Ila alikuwa ameshaamua nani aingie. Tarakimu zile aliweza kunipa, kuninyima, au kuzibadilisha akishapona.

Hajazibadilisha. Juzi nikamuuliza kwa nini.

"Kwani umeniibia?"