Mzee wa Kanisa, Piga Hodi

Wazee wangu wa kanisa, baba na mama, ibada imekwisha, sadaka imehesabiwa, mnada wa ndizi na kuku umefungwa. Kazi yenu ndiyo kwanza inaanza. Tumeuacha uzee wa kanisa ukanywea hadi ukabaki benchi la mbele, kapu la sadaka na karatasi ya matangazo. Kuna sharika ambako mtu akichaguliwa, cha kwanza kuwaza ni suti ya siku ya kuingizwa kazini. Suti haina ubaya. Ila sijasikia mgonjwa aliyepata nafuu kwa kuitazama.

Rudini Mileto, Matendo ya Mitume sura ya 20. Paulo anawahi Yerusalemu kabla ya Pentekoste, hata mji wa Efeso ameamua kuupita. Wazee wa Efeso hakuwapita. Aliwatumia ujumbe, nao wakasafiri kumfuata pwani. Akawakumbusha machozi yake, mafundisho aliyotoa hadharani na nyumba kwa nyumba, na mikono yake mwenyewe iliyofanya kazi ili asimlemee mtu. Akawaonya kwamba mbwa mwitu watakuja, na kwamba wapotoshaji wengine watainuka miongoni mwao wao wenyewe. Wakapiga magoti, wakaomba, wakalia. Kisha akapanda merikebu, na kundi likabaki mikononi mwa wazee hao wa Efeso.

Mkiona Mileto ni mbali, itazameni Kilimanjaro. Mwaka 1920, baada ya Ujerumani kushindwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, wamisionari Wajerumani wa Misheni ya Leipzig waliondolewa Tanganyika. Sharika changa za mlimani zingeweza kusambaratika. Walimu na wazee wenyeji wakazishika. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yalipoungana kuwa KKKT, kanisa lililokua kwenye miteremko ile lilikuwa mojawapo. Kwa hiyo tusiambiane kwamba mzee hawezi kitu mpaka mchungaji aje. Mchungaji mwenye mitaa minne na pikipiki moja hatafika kila nyumba, na hakuna anayemdai hivyo.

Yakobo alilijua hilo. Katika sura ya 5 ya waraka wake, mgonjwa anaelekezwa awaite wazee wa kanisa wamwombee na kumpaka mafuta kwa jina la Bwana. Wazee! Na wao ndio wanaokwenda kwake. Sasa tazama tulipofika. Februari 1, 2020, pale pale Kilimanjaro, mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana wakiyakimbilia mafuta ya upako kwenye kusanyiko la maombi. Si haki kuwatwika wazee wa sharika vifo vile. Lakini jiulize, mzee: msharika wako akiugua leo usiku, jina lako litamjia la ngapi? Kama ataukumbuka kwanza uwanja wa mikutano wa mji mwingine, ujue kuna hodi ambayo hukuipiga.

Utaanzia wapi? Anza na daftari la bahasha za ahadi. Kila usharika unalo, na wengi wetu tunalisoma kwa jicho la mdai. Bahasha ya mtu fulani haijarudi miezi mitatu: mhasibu ataandika deni, na hiyo ni kazi yake halali. Wewe vaa viatu. Huenda biashara yake ya mitumba imekufa. Huenda ana mtoto hospitalini, au ameachwa na mwenzi wake na anaona haya kukutana na macho ya watu pale mlangoni. Nenda, keti, kunywa chai utakayopewa, na siku hiyo usitamke neno ahadi hata kidogo. Sikiliza. Ukitoka, alichokuambia kisikutangulie kufika kwenye jumuiya. Mzee mwenye mdomo mwepesi hufunga milango mingi kuliko asiyetembelea kabisa.

Nenda pia kwa yule kijana aliyeacha kwaya na kila mtu akasema dunia imemteka, ingawa hakuna aliyemuuliza. Nenda kwa bibi ambaye miguu haimfikishi tena kanisani. Alilipia matofali ya jengo lile kwa kuuza maziwa, na leo Meza ya Bwana anaisikia kwenye redio. Mwambie mchungaji apange siku, nawe umshike mkono mchungaji mpaka kitandani pa bibi.

Fedha nazo zishikwe mchana kweupe. Paulo hakukubali kubeba changizo la Yerusalemu peke yake. Alitaka watu walioaminiwa na makanisa waambatane naye, asije akalaumiwa. Hesabuni wengi, andikeni, someni mbele ya washarika. Hilo halihitaji semina.

Na baraza la wazee litakapokutana mwezi huu, kabla hamjagusa ajenda ya paa na vipaza sauti, kila mmoja asimame ataje nyumba alizoingia tangu kikao kilichopita. Asiye na nyumba ya kutaja asifokewe. Apewe majina matano kutoka kwenye daftari, apewe na mwenzake wa kufuatana naye, na waanze jioni hiyo hiyo kabla giza halijaingia.