Mwendo wa Ng'ombe wa Kamba

Katika mashamba ya Unguja ni kawaida kumkuta ng'ombe amefungwa chini ya minazi. Kamba ikiwa na mita 6, malisho yake yote ni duara lenye upana wa mita 12. Asubuhi hula majani mabichi; kufika alasiri, kigingi kisipohamishwa, hubakiwa na vishina na vumbi.

Watafiti wa mifugo huwavisha ng'ombe mkanda wa shingoni wenye GPS ili wajue wametembea umbali gani malishoni. Kwa huyu wa kamba, kifaa hicho kitadanganya. GPS ya kawaida hukosea kwa mita kadhaa, karibu sawa na urefu wa kamba yenyewe, na makosa hayo yakijumlishwa kutwa nzima, mnyama aliyelala ataonekana amesafiri.

Fiqhi ya Kishafi, ambayo kadhi Ahmed bin Sumeit (1861–1925) aliifundisha Mji Mkongwe, haihesabu hatua. Inauliza nani anamlisha. Mwenye ng'ombe 30 wanaojilisha katika malisho ya wazi hutoa, mwaka ukitimia, zaka ya ndama wa mwaka mmoja. Anayewakatia majani hatoi zaka hiyo, kwani gharama ya kuwalisha ni juu yake. Wamaliki hawakuweka sharti hilo la kujilisha.

Je, aliyesamehewa zaka amemaliza deni?

Hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, waliyoipokea Bukhari na Muslim, inataja mambo mawili kwa pamoja: alimfungia bila kumlisha, wala hakumwachia ajitafutie. Amfungaye mnyama amemzibia njia ya riziki, na kwa hiyo ni lazima aipite yeye mwenyewe kwa niaba yake. Izz bin Abdissalam, mwanachuoni wa Kishafi aliyefariki mwaka 1262, alilisisitiza hilo hata kwa mnyama mzee au mgonjwa asiyetarajiwa kuleta faida tena.

Basi mwendo wa ng'ombe wa Unguja utafutwe kwa watu: kwenye baiskeli iliyosheheni majani hadi mwendeshaji haonekani, kwenye ndoo ya maji, kwenye kigingi kinachong'olewa na kupigiliwa hatua chache mbele. Na tajiri wa mjini akimwajiri kijana wa kukata majani, deni halihami pamoja na ujira. Siku kijana akiumwa, mwenye ng'ombe ndiye anayepaswa kushika mundu na kwenda shamba.