Nauli ya Yona

Soma kwanza: Yona 1:1–3 na Yakobo 4:13–15



Vijana wenzangu, leo nataka niwasimulie safari ambayo sijaenda.

Mwaka jana nilikuwa hapa Kasulu kwa mwaka wangu wa uchungaji, baada ya kumaliza falsafa. Kwenye semina moja ya vijana nikakutana na sista Mfilipino. Tukaongea, na mwisho akaniambia nyumba ya shirika lao iko Cebu, nikifika Januari watanipokea niione Sinulog, sikukuu ya Mtoto Yesu ambayo kule wanaiadhimisha Jumapili ya tatu ya mwezi huo. Malazi bure, chakula bure, nauli juu yangu.

Mimi ni mtoto wa Kibondo. Nimekulia ugali wa muhogo na maharage, na bahari niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka 22. Mwaliko ule ulinikosesha usingizi. Usiku ule ule nilianza kusoma kwenye simu. Nchi ya visiwa zaidi ya 7,000. Nchi yenye Wakatoliki wengi kuliko nchi yoyote ya Asia. Sanamu ya Mtoto Yesu iliyofika na Magellan mwaka 1521, ikaja kukutwa tena mwaka 1565 ndani ya nyumba katika kijiji kilichoungua moto. Manila, ambako Januari 1995 Mtakatifu Yohane Paulo II alikutana na umati wa mamilioni kwenye Siku ya Vijana Duniani. Nikajiambia: hii si safari, hii ni hija.

Basi nikafungua daftari. Jamani, nilipanga! Cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, fomu ya pasipoti mtandaoni, shilingi 150,000 za pasipoti, siku ya kwenda Uhamiaji Kigoma mjini. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nikaangalia hata hali ya hewa: vimbunga kule hupiga zaidi kati ya Juni na Novemba, kwa hiyo Januari si mbaya. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa milioni tatu na ushee, bado sijagusa basi la kutoka huku kwetu hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja. Vijana wa parokia wakasema, "Frateri, hatuwezi kukuacha." Wakauza asali, wakachanga, ikapatikana laki tatu na themanini. Mama yangu akauza debe mbili za maharage aliyokuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu.

Na kila kitu kilinyooka. Pasipoti ilitoka haraka. Mjomba mmoja ambaye hajawahi kunipa hata soda akaahidi nusu ya nauli. Nikawa nawaambia watu, "Mungu amefungua milango."

Kulikuwa na jambo moja tu ambalo halikuwamo kwenye daftari. Kabla ya Noeli nilitakiwa kuandika barua kwa mkono wangu, kuomba kuendelea na masomo ya teolojia. Kila mseminari anajua uzito wa barua ile. Nilikuwa nimeianza mara nne na kuichana mara nne. Sikumwambia mlezi wangu. Sikumwambia mama. Nilijiambia nitaiandika nikirudi kutoka Cebu, ingawa nilijua nikirudi tarehe itakuwa imepita.

Sasa sikia kilichotokea.

Jumapili moja ya Novemba nilifuatana na padre kwenda kambi ya Nduta, kule kwetu Kibondo. Wengi wenu mnaijua habari ya kambi hizi. Nyarugusu ya Kasulu ipo tangu 1996, walipokuja ndugu zetu kutoka Kongo. Nduta ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipovuka mpaka kwa maelfu. Baada ya Misa nilikaa na kijana mmoja wa kwaya, ana miaka kumi na saba. Mimi naongea Kiha, yeye Kirundi, tunaelewana bila shida. Nikaanza kumsimulia safari yangu. Nikamwonyesha picha za Cebu kwenye simu.

Akaziangalia zote kwa utulivu. Kisha akaniuliza, "Frateri, huko nani anakungoja?"

Nikasema, masista. Akasema, "Hao watakupokea. Nimeuliza nani anakungoja." Halafu akanisimulia safari yake. Alikuwa na miaka saba. Usiku mama yake alimwamsha, akabeba vitu viwili: sufuria, na cheti cha ubatizo cha mwanaye alichokifunga ndani ya kitenge. Hakujua wanakwenda wapi. Hakuwa na daftari. Alikuwa na dakika chache tu. Kijana akasema, "Lakini mama alijua anatembea kwa ajili ya nani. Alikuwa ananigeukia kila baada ya hatua chache."

Nilirudi Kasulu jioni ile sina neno. Mama yule hakujua aendako, lakini alijua anatembea kwa ajili ya nani. Mimi nilijua hata saa ya ndege kutua, na jibu la swali lile sikuwa nalo.

Usiku nikafungua Biblia kwenye kitabu cha Yona. Tumezoea kumkumbuka Yona kwa ajili ya samaki. Safari hii nilikwama kwenye aya ya tatu. Mungu amemwambia aende Ninawi, yeye anapanga safari ya upande mwingine kabisa, Tarshishi, ng'ambo ya bahari. Anashuka Yafa, na anapofika tu anakuta merikebu iko tayari kwenda huko huko anakotaka. Analipa nauli, anapanda.

Umeona? Kila kitu kilinyooka! Merikebu ipo, nafasi ipo, nauli anayo. Kama Yona angekuwa kijana wa leo, angeweka picha ya bandari kwenye status na kuandika, "Mungu ni mwema, milango imefunguka."

Ndugu yangu, milango kufunguka si lazima iwe ndiyo ya Mungu. Hata njia ya kumkimbia Mungu huwa na merikebu, na mara nyingi nauli yake unayo mfukoni. Huenda kwako si Ufilipino. Huenda ni kazi ya mjini unayoiwahi ili usimkabili baba mliyegombana naye. Huenda ni uchumba mpya ulioanza haraka ili usilie ule wa zamani. Huenda ni chuo cha mbali, au hata huduma ya kanisani, semina baada ya semina, ili mradi usikae peke yako na lile swali moja. Mambo mema kabisa, lakini ndani yake umejificha.

Nisieleweke vibaya. Sisemi kupanga ni dhambi. Vijana wengine tunajificha nyuma ya "Mungu akipenda" ili tusifanye kazi ya kupanga. Yesu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 14, anamsifu mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama za mnara. Na Mtakatifu Tomaso wa Akwino anafundisha kwamba busara ina matendo matatu: kutafuta shauri, kupima na kuamua, kisha kujiamuru kutenda. Nilipoisoma darasani niliiandika kwenye mtihani nikapata alama nzuri. Maishani niliruka la kwanza. Sikutafuta shauri. Nilitafuta nauli. Na watu niliowaeleza ni wale tu niliojua watanipigia makofi.

Yakobo naye, katika sura ile ya 4, anawakemea wafanyabiashara waliopanga mji, muda na faida, wakasahau kwamba uhai wao ni kama mvuke. Hawakosei kuwa na mpango. Wanakosea kupanga kana kwamba hakuna wa kuulizwa.

Mfikirie Mtakatifu Fransisko Ksaveri. Safari ya Asia hata haikuwa yake. Mwaka 1540 aliyepangwa kwenda alikuwa mwenzake. Mwenzake akaugua, Mtakatifu Inyasi akamgeukia Fransisko, naye akakubali, akaondoka haraka. Alipakia merikebu Lisbon tarehe 7 Aprili 1541, siku aliyotimiza miaka 35. Kisha nini? Akakwama huku kwetu! Miezi mingi walikaa kisiwani Msumbiji wakisubiri upepo wa kuwapeleka India. Hakukaa akihesabu siku. Alihudumia wagonjwa, mpaka mwenyewe akaugua. Ndipo wakapanda na pwani yetu, wakapita Malindi, akafika Goa tarehe 6 Mei 1542. Visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, alivifikia mwaka 1546.

Mlinganishe na Yona. Yona mambo yalimnyookea, na alikuwa anakimbia. Fransisko mambo yalimkwama, na alikuwa ametumwa. Kwa hiyo usipime wito wako kwa urahisi wa njia. Uliza: nani amenituma, na naenda kwa ajili ya nani?

Na hata anayetumwa, ratiba yake hubaki mikononi mwa Mungu. Hayati Papa Fransisko alikwenda Ufilipino Januari 2015. Tarehe 17 alifika Tacloban, mji uliopigwa na kimbunga cha Novemba 2013 kilichoua watu zaidi ya 6,000. Safari ya Papa hupangwa kwa dakika. Lakini siku ile ile dhoruba nyingine ilikuwa inakaribia kisiwa. Aliadhimisha Misa kwenye mvua na upepo, amevaa koti la mvua la plastiki la rangi ya njano, sawa na waamini waliokuwa mbele yake. Akaweka pembeni mahubiri aliyoyaandaa, akaongea nao kutoka moyoni. Kisha ikabidi aondoke saa kama nne kabla ya muda uliopangwa. Ratiba ilivunjika, safari ikabaki nzima, kwa sababu alikuwa amekwenda kwa ajili ya wale waliofiwa, na alifika kwao. Mtu anayejua anayemwendea, hata dhoruba haimnyang'anyi safari.

Sasa mtauliza, Frateri, uliishiaje?

Nilimwendea mlezi wangu nikamwambia yote, na zile barua nne nilizozichana. Nilitegemea anifokee. Alinyamaza muda, akasema, "Ufilipino haihami. Andika barua kwanza. Ukiandika kwamba unaendelea, sawa. Ukiandika kwamba unaacha, sawa pia. Lakini iandike ukiwa hapa, umekaa." Niliiandika kwa siku tatu mbele ya Sakramenti Takatifu. Niliomba kuendelea. Sitawadanganya kwamba hofu iliisha siku ile. Bado naamka nayo asubuhi nyingine. Ila sasa tunaamka wote mahali pamoja, haiko nyuma yangu ikinifukuza.

Vijana wa parokia niliwaita nikawaeleza ukweli, nikawarudishia laki tatu na themanini zao. Ilikuwa aibu, siwafichi. Mama nilimrudishia mbegu kabla mvua hazijapita. Aliniangalia tu akasema, "Nilijua kuna kitu. Ulikuwa unacheka sana."

Pasipoti ipo kwenye sanduku langu. Labda nitaiona Cebu siku moja, Mungu akipenda. Zamani maneno hayo niliyaweka mwisho wa sentensi kama nukta. Sasa nayaweka mwanzo kama swali.

Kwa wiki hii, kama kuna safari unayoipanga, ya mguu au ya maisha, chukua daftari lako uongeze mistari mitatu juu ya ile ya gharama:

1. Nani amenituma?
2. Naenda kwa ajili ya nani?
3. Ni jambo gani ninaliacha nyuma bila kulijibu, na ni nani mwenye hekima ambaye sijamwambia?

Kama huo wa tatu unakuchoma, usinunue tiketi bado.

Tusali: Ee Bwana, uliyemngoja Yona hata baharini, utungoje nasi. Utufundishe kupanga kwa bidii na kukuuliza kwa unyofu. Waangalie wote wanaosafiri bila kupenda, wakimbizi wa Nduta na Nyarugusu, na akina mama wanaotembea usiku wakiwageukia watoto wao. Ukitutuma, utupe miguu. Ukituzuia, utupe utii. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.