Mwanafunzi wa Lugha Ugenini

Msafiri wa biashara hurudi nyumbani na mali mkononi; msafiri wa lugha hurudi na mali kinywani. Mali ya kwanza yaweza kuibwa, kuungua au kuoza. Ya pili haiogopi mwizi wala moto. Hata hivyo hakuna mali isiyo na bei, na mwenye busara huuliza bei kabla ya kununua. Swali la insha hii ni moja: Je, mtu ajifunzaye lugha ya wengine huongezeka au hupungua? Na ikiwa yote mawili yawezekana, ni kitu gani kinachoamua?

Natutwae mfano wa karibu. Mji wa Macalder uko Nyatike, katika Kaunti ya Migori, si mbali na Ziwa Victoria. Hapo palichimbwa dhahabu na shaba, na ingawa mgodi mkubwa ulifungwa mwaka 1966, wachimbaji wadogo wangali wakitafuta dhahabu kwa sururu na karai. Migodi hukusanya watu, na watu huja na ndimi zao. Mtoto wa huko husikia Dholuo nyumbani, Kiswahili sokoni na Kiingereza darasani. Na akienda Migori mjini husikia Kikuria pia. Tuseme mmoja wa watoto hao, msichana mwenye bidii, amejifunza Kifaransa na Kihispania mpaka chuo kikuu, kisha akapata nafasi ya kukaa mwaka mmoja ugenini: nusu ya kwanza katika mji wa Rennes, Ufaransa, na nusu ya pili katika mji wa Salamanca, Hispania. Msichana huyu ni wa kuwaza tu, lakini mambo atakayokutana nayo si ya kuwaza.

Jambo la kwanza litakalompata ni haya. Nyumbani alikuwa wa kwanza darasani. Huko hawezi kununua mkate bila kigugumizi. Iko sauti moja ya Kifaransa ambayo midomo huviringika kama kwa kutamka "u", na papo hapo ulimi hukaa mahali pa "i", asiyeizoea huchekwa. Tena iko adabu. Akiingia dukani na kutaja haja yake pasipo kusalimu kwanza, huonekana fidhuli. Akimwita mzee asiyemjua kwa neno "tu", ambalo ni la rafiki na mtoto, badala ya "vous", ambalo ni la heshima, atakuwa amekosa, hata kama sarufi yake haina dosari. Hapo atakumbuka kwao, ambako mtoto hapiti mbele ya wazee kimya, na atafahamu kuwa lugha si maneno tu. Ni namna watu wanavyopeana heshima. Mtu mzima akubaliye kuwa mtoto tena amekwisha kujifunza nusu ya lugha. Asiyekubali kuchekwa hukaa bubu, na fahari yake ndiyo pingu ya ulimi wake.

Hispania itampa furaha asiyoitazamia. Atasikia watu wakimtaja mtu asiye na jina kwa neno "fulano", naye atamtambua fulani wetu wa Kiswahili. Mkuu wa mji huitwa "alcalde", na neno hilo ni ndugu wa kadhi. Sukari ni "azúcar", na zeituni ni "aceituna". Sababu yake imo katika historia. Waislamu walianza kutawala sehemu za Hispania mwaka 711, na ufalme wao wa mwisho, Granada, ulianguka mwaka 1492. Kiarabu kikaacha maneno huko, kama kilivyoacha maneno katika mwambao wa Afrika Mashariki. Lugha mbili zilizokaa mbali kwa mbali zilichota maji katika kisima kimoja, na wala hapana iliyopungukiwa kwa kuchota. Mwanafunzi atajifunza ya kuwa lugha inayokopa haifilisiki.

Lakini mwaka huo una fundisho zito kuliko haya. Mji wa Rennes umo katika jimbo la Bretagne, ambalo lina lugha yake yenyewe, Kibretoni. Mgeni aweza kuliona jina la mji huo limeandikwa mara mbili: Rennes kwa Kifaransa, na Roazhon kwa Kibretoni. Akiuliza habari za jina la pili, atasikia kisa cha shule za zamani. Katika karne ya 19 na miongo ya kwanza ya karne ya 20, mtoto aliyeteleza shuleni akasema Kibretoni aliweza kupewa alama ya fedheha, pengine kiatu cha mti cha kuning'inizwa shingoni, na hakuwa na raha mpaka amnase mwenzake katika kosa lile lile ampokeze. Mwandishi Pierre-Jakez Hélias, aliyelelewa katika lugha hiyo, alisimulia adhabu za namna hiyo katika kitabu chake Le Cheval d'orgueil, kilichotoka mwaka 1975. Katika Hispania nako, Jenerali Franco, aliyeitawala nchi nzima tangu mwaka 1939 hadi kifo chake mwaka 1975, aliziondoa Kikatalani, Kibaski na Kigalisia katika shule na ofisi za serikali. Katiba ya mwaka 1978 ndiyo iliyozifungulia mlango tena.

Msomaji, je, alama ile ya shingoni huijui? Katika shule nyingi za Kenya, zama za ukoloni na hata baada ya uhuru wa mwaka 1963, mtoto aliyesema lugha ya mama yake alivikwa kibao, naye akazunguka uwanjani akitega sikio apate wa kumrithisha. Ngũgĩ wa Thiong'o aliandika juu ya adhabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1986, Decolonising the Mind. Kibao hicho kilifundisha mambo mawili kwa siku moja: kuionea haya sauti ya nyumbani, na kumpeleleza rafiki.

Msichana wetu alidhani kuwa Kifaransa kilizaliwa kikubwa na Dholuo ikazaliwa ndogo. Sasa anajua kuwa hapana lugha iliyozaliwa kubwa. Mwaka 1904 Tuzo ya Nobel ya fasihi iligawanywa kati ya watu wawili: José Echegaray wa Hispania, na Frédéric Mistral wa Ufaransa, ambaye mashairi yake hayakuwa ya Kifaransa bali ya Kiprovansali, lugha ya watu wa kusini. Neno lililokatazwa darasani lilitukuzwa mbele ya ulimwengu.

Akifika hapa, mwanafunzi aweza kujihesabu kuwa ni mdhulumiwa tu, na kustarehe katika huzuni yake. Haki haimruhusu. Karibu na kwao, katika Kaunti ya Homa Bay, katika visiwa vya Rusinga na Mfangano na katika nchi ya Gwassi, wanakaa Abasuba. Lugha yao, Olusuba, ni ya Kibantu. Kwa vizazi vingi, kwa njia ya ndoa, biashara, kanisa na shule, wengi wao walihamia katika Dholuo, na leo Olusuba imo katika hesabu ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Dholuo, iliyokuwa mnyonge mbele ya Kiingereza, ilikuwa yenye nguvu mbele ya Olusuba. Basi aliyeumizwa naye aweza kuumiza, tena bila kukusudia, na hata bila kibao. Kicheko kimoja katika kivuko cha mashua, mtoto wa kisiwani anapotamka neno la bibi yake, chaweza kufanya kazi ya kibao.

Atasema mtu: "Lugha nyingi ni mzigo; mkate uko katika Kiingereza." Neno hili lina ukweli ndani yake. Wachimba migodi wa makabila mbalimbali hawawezi kufanya kazi pamoja pasipo lugha ya kuwaunganisha, na mzazi amtakiaye mwanawe kazi njema halaumiwi. Lakini hoja hiyo yathibitisha faida ya kuongeza lugha; haithibitishi lazima ya kufuta nyingine. Mtoto wa Barcelona hujua Kikatalani na Kihispania pia, wala hakosi mkate kwa kujua vyote viwili. Kichwa cha mtu si debe ambalo kikitiwa kitu cha pili, cha kwanza humwagika.

Kinachoamua, basi, ni dharau au heshima. Ajifunzaye lugha ya wengine kwa kuwaheshimu wao na kuiheshimu yake huongezeka. Aidharauye ya wengine hataijua. Aidharauye yake ataipoteza. Na azidharauye zote mbili atabaki na kelele. Mkataa kwao ni mtumwa, nao utumwa wa ulimi ni mgumu kuonekana, maana mtumwa mwenyewe huusifu.

Kwa hiyo mtihani wa mwisho wa mwaka ule haufanywi Rennes wala Salamanca. Unafanywa Macalder, jioni, bibi anapomwita mjukuu wake karibu na kumwuliza, "Umeona nini huko?" Akiweza kumweleza bibi kwa Dholuo habari za fulano, za alcalde, na za watoto wa Bretagne waliovikwa kiatu cha mti, mali imefika nyumbani. Akiona haya, au akikosa maneno, amefaulu kwa wageni na kuanguka kwao.

Nawe, msomaji, huhitaji ndege kwa mtihani huo. Muulize mzee wa kwenu jina la mti, la samaki, la upepo wa ziwani. Uliandike na kulitumia. Kisha jifunze Kifaransa, Kihispania na kila lugha utakayojaliwa. Mchimbaji mwerevu huenda kutafuta dhahabu mbali, lakini hafukii shimo la babu yake kabla ya kuondoka.