Mazingaombwe au Ghaibu? Dunia Zinazopandana katika Riwaya ya Kiswahili

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, zimeandikwa riwaya za Kiswahili ambazo matukio yake hutokea katika dunia mbili au zaidi kwa wakati mmoja, bila mpaka ulio wazi kati ya ndoto na macho, wala kati ya wafu na walio hai. Wahakiki huiita mbinu hiyo uhalisiamazingaombwe, yaani usimulizi unaoyaingiza yasiyo ya kawaida katika maisha ya kila siku bila kuyashangaa, istilahi ambayo chimbuko lake ni Mjerumani Franz Roh, aliyeitumia mwaka 1925 alipojadili uchoraji. Jina hilo lina kasoro kubwa. Mazingaombwe kwa Mswahili ni kiinimacho: watazamaji huoneshwa kisichokuwapo, nao hurudi makwao wakijua kwamba hakikuwapo.

Katika *Babu Alipofufuka* (2001) ya Said Ahmed Mohamed, K, mtu wa cheo na mali, hutokewa na babu yake aliyekwisha kufa, naye babu hamwachi, bali humchukua akamwonesha hali za watu ambazo yeye, katika starehe zake, alikuwa amezifumbia macho. Msomaji aliyelelewa akiijua mizimu, au aliyefundishwa habari za barazahi, makao ya roho kati ya kufa na kufufuliwa, haulizi kama babu anaweza kuja. Huuliza amekuja kudai nini. Na kinachoweza kumdai mtu hesabu ya matendo yake hakiwezi kuwa kiinimacho.

Euphrase Kezilahabi, katika *Nagona* (1990) na *Mzingile* (1991), analipeleka swali hilo kwenye ontolojia, tawi la falsafa linalochunguza maana ya kuwapo. Mzingile ni njia zinazopindana hata mpitaji akapotea, na humo msimulizi anatumwa kumpelekea mzee Kakulu, anayesomeka kama Mungu, habari za kifo cha mwanawe. Muumini atashtuka, kwa kuwa Mwenye kujua yote hapelekewi tanzia. Lakini uzito wa safari hiyo uko kwa mjumbe, kwani binadamu ndiye aliyetwishwa habari za kifo kilichotokea upande wake, naye hana budi kuzifikisha kwa miguu yake.

Neno linalozifaa riwaya hizi ni ghaibu, yaani kilichopo ingawa macho hayakioni, na wahakiki wa Kiswahili wanayo sababu ya kutosha ya kulitumia.